Sura ya Sita: Mfumo Endeshi na Umri wa Mashine

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo iliouzindua Julai 2015 na ambao kwa miaka kumi ulikuwa mazingira ya kazi katika kompyuta nyingi mno za majumbani. Hakuna kompyuta iliyozimika siku hiyo. Mashine ziliwaka kama kawaida, barua zikaandikwa, filamu zikatazamwa; kilichokoma ni utoaji wa viraka, yaani yale marekebisho ambayo mtengenezaji huyatoa kila mwezi ili kuziba mianya ya kiusalama inayogunduliwa ndani ya programu zake. Kwa mwenye nyumba aliyeinunua kompyuta dukani akaikuta Windows imekwisha kuwekwa, tukio hilo lilizua swali ambalo pengine hakuwahi kulazimika kulijibu, nalo ni upi kati ya mifumo iliyopo unafaa kuiendesha mashine yake. Sura hii inashikilia kwamba swali la mfumo upi ulio bora zaidi ndilo linalopewa uzito usiostahili, na kwamba mambo mawili yasiyo na mvuto sana ndiyo yanayopaswa kutangulia: mfumo huo utatunzwa hadi lini juu ya mashine ambayo tayari ipo mezani, na ni nani atakayeitazama pale itakapogoma.

Mfumo endeshi ni programu mama inayosimama kati ya maunzi, yaani vipande vya kompyuta vinavyoshikika kama vile prosesa, diski na kibodi, na programu anazozitumia mtu moja kwa moja, kama kivinjari cha intaneti au programu ya kuandikia. Ndani yake kuna kiini, ambacho ndicho kinachogawa kazi na kumbukumbu, na pamoja na kiini hicho zipo draiva, programu ndogondogo zinazokifundisha kuzungumza na kifaa fulani mahususi, tuseme printa au kadi ya Wi-Fi. Mifumo inayoweza kufikiriwa kwa matumizi ya nyumbani ni minne: Windows ya Microsoft, macOS ya Apple, ChromeOS ya Google, na familia ya Linux, ambayo haina mmiliki mmoja. Mingine ipo, lakini mtu anayetaka kuandika barua, kulipa ankara na kumwezesha mtoto afanye kazi za shule hana haja ya kuisumbukia.

Windows inastahili kuanza kwa sababu ndiyo inayokutwa. Mrithi wa Windows 10, yaani Windows 11, alitolewa Oktoba 2021 na akaja na masharti ambayo hayakuwahi kuwekwa kwa ukali huo kabla yake. Kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64 si tatizo kwa mashine nyingi. Tatizo ni kichipu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, ambacho hutunza funguo za kusimba data, na zaidi ya hicho, orodha ya prosesa zinazokubalika, ambayo kwa upande wa Intel huanzia kwa jumla kizazi cha nane kilichoingia sokoni mwaka 2017. Katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na ya Luthuli jijini Nairobi, ambako sehemu kubwa ya kompyuta mpakato zinazouzwa kwa bei ya kawaida zilitumika kwanza katika ofisi za Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, sharti hilo ndilo linaloamua mengi. HP EliteBook 840 G3, mashine imara ya mwaka 2016 ambayo bado inanunuliwa kwa wingi, hukutwa na prosesa kama i5-6300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 6, ndiyo inayotaja kizazi, na kizazi cha sita hakimo katika orodha. Dada yake wa miaka miwili baadaye, 840 G5, hukutwa na i5-8250U na hivyo huingia. Kwa macho mashine hizo mbili zinakaribiana mno, na muuzaji asiye mwaminifu, au asiyejua tu, anaweza kuziweka rafu moja. Mnunuzi anayejua kuisoma namba hiyo moja anaokoa fedha nyingi kuliko anayekariri sifa za mifumo yote minne.

Zipo njia za kuyakwepa masharti hayo, na mafundi wengi wanazijua, kwa kuwa faili ya kuwekea Windows 11 huweza kuchezewa isipime prosesa wala TPM. Mfumo hukaa na hufanya kazi. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba haitoi uhakika wa masasisho kwa mashine za aina hiyo, kwa hiyo mmiliki anakuwa ameupata mfumo mpya bila kupata kile kilichomfanya auache wa zamani. Njia halali ya kununua muda ni mpango wa masasisho ya ziada ambao Microsoft iliuweka kwa ajili ya watumiaji wa nyumbani, unaoendelea kuipa Windows 10 viraka vya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Nje ya Ulaya mtu huingia kwa kulipa dola 30 za Marekani, au bila malipo iwapo atakubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe katika akaunti ya Microsoft. Ni mwaka mmoja wa kufikiri, wala haupaswi kudharauliwa, ingawa haubadilishi hatima ya mashine.

Wapo wanaoona kwamba hofu ya viraka imekuzwa na wauzaji. Mwaka 2017 unatoa jibu. Mwezi Machi mwaka huo Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba mwanya katika sehemu ya Windows inayoshughulikia kushirikiana faili katika mtandao. Tarehe 12 Mei programu hasidi iliyopewa jina la WannaCry ilianza kuupitia mwanya huohuo, ikazifunga faili kwa kuzisimba na kudai fidia, na katika siku chache ikawa imezikumba kompyuta za nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Waliokuwa wamekiweka kiraka hawakuguswa. Walioumia ni wale ambao masasisho yao yalikuwa yamezimwa au yamecheleweshwa, na wale waliokuwa bado kwenye Windows XP, ambayo huduma yake ilikuwa imekoma tangu Aprili 2014.

Hapo ndipo linapoingia suala ambalo vitabu vya nchi nyingine hulipita haraka, nalo ni desturi ya kupiga Windows. Mteja hupeleka kompyuta iliyo nzito kwa fundi, fundi hufuta kila kitu, huweka Windows kutoka kwenye flashi yake, kisha huiamsha kwa kiamshi, yaani kijiprogramu kinachoudanganya mfumo uamini kwamba leseni yake imelipiwa. Viamshi vingi hudai kinga ya virusi izimwe kwanza ndipo vifanye kazi, na mtu aliyevitengeneza hajulikani. Kwa hiyo Windows ya kuchakachua humwacha mwenye nyumba akiwa amefungua mlango kwa mgeni ambaye hatamwona kamwe. La kusikitisha zaidi ni kwamba mara nyingi hapakuwa na haja yoyote. Tangu enzi za Windows 8, watengenezaji wakubwa wa kompyuta huiandika namba ya leseni ndani ya kichipu kilichomo kwenye ubao mama, na mashine iliyouzwa hapo awali ikiwa na Windows Pro ikiwekewa tena toleo hilohilo kutoka kwenye faili rasmi ya Microsoft, hujiamsha yenyewe pindi inapofika kwenye intaneti. Leseni ilikwisha kulipiwa na ofisi ya Ujerumani au ya Dubai iliyoitumia mashine kwanza, na bado imo ndani yake, huku mmiliki wa sasa akitumia ya wizi.

Kuhusu macOS maneno machache yatatosha, kwa kuwa mfumo huo hauchaguliwi peke yake. Anayeutaka hununua mashine ya Apple, na asiyekuwa na fedha za mashine hana haja ya kuujadili mfumo. Ni mfumo mzuri, uliotulia, na tangu 2013 matoleo yake mapya hutolewa bila malipo. Tahadhari ni kwa wanunuzi wa mitumba. Mwaka 2020 Apple ilianza kuziacha prosesa za Intel na kutumia za kwake, na imetangaza kwamba toleo la 2025, macOS Tahoe, ndilo la mwisho litakaloikubali mashine yoyote ya Intel. MacBook Air ya mwaka 2015, ambayo bado inavutia ikiwa juu ya meza ya muuzaji, iliishia kwenye macOS Monterey na haipati tena viraka. Isitoshe, MacBook za miaka ya karibuni zinaweza kufungwa kwa akaunti ya mmiliki wa awali, na mashine iliyofungwa hivyo haifunguliwi na fundi yeyote wa mtaani; ni lazima muuzaji aiwashe na kuifikisha hadi ukurasa wa kazi mbele ya mnunuzi kabla fedha hazijatoka mfukoni.

ChromeOS nayo imejengwa juu ya kiini cha Linux, na karibu kila kitu ndani yake hufanyika katika kivinjari. Chromebook za kwanza ziliuzwa 2011, na mwaka 2023 Google iliahidi masasisho ya miaka kumi kwa kila aina ya mashine hizo, ikihesabiwa tangu aina hiyo ilipotoka, si tangu siku iliponunuliwa. Kwa hiyo aliyenunua Chromebook ya mtumba anaweza kukuta umebaki mwaka mmoja. Toleo liitwalo ChromeOS Flex huwekwa bure katika kompyuta kuukuu za kawaida, isipokuwa halipokei programu za Android. Udhaifu wa mfumo huu kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki ni bando: kazi nyingi hufanyika vizuri mtandao ukiwepo, na mtu anayenunua data kwa siku au kwa wiki hatapenda kompyuta ambayo thamani yake hushuka pale kifurushi kinapokata.

Linux inahitaji nafasi zaidi, kwa sababu ndiyo inayosemwa sana na kujulikana kidogo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo endeshi, na baadaye akakiweka chini ya leseni inayomruhusu yeyote kukitumia, kukichunguza, kukibadilisha na kukigawa. Programu za namna hiyo huitwa programu huria. Kwa kuwa kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida, makundi mbalimbali hukichukua na kukiunganisha na kivinjari, programu za ofisi na mwonekano wa madirisha, kisha hukitoa kama kifurushi kamili kiitwacho distro. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ni mojawapo. Linux Mint, iliyotokana nayo mwaka 2006, ni nyingine, na ndiyo inayomfaa zaidi mtu anayetoka Windows, kwa vile orodha ya programu ipo kona ya chini kushoto na mambo yote ya msingi yapo pale ambapo mkono umezoea kwenda. Linux Mint 22, ya mwaka 2024, itatunzwa hadi 2029, na masharti yake ni kumbukumbu ya gigabaiti 2 tu, ingawa 4 ndizo zinazopendekezwa. EliteBook ya kizazi cha sita iliyokataliwa na Windows 11 huipokea bila taabu.

Sifa ambayo ingepaswa kutajwa kwanza na mara nyingi hutajwa mwisho ni kwamba Linux hujaribiwa kabla ya kuwekwa. Faili ya Mint, yenye karibu gigabaiti 3, hupakuliwa na kuandikwa kwenye flashi kwa kutumia programu kama Rufus. Kompyuta huzimwa, flashi huchomekwa, na wakati wa kuwasha hubonyezwa kitufe cha kuchagua mahali pa kuanzia, ambacho kwa HP nyingi ni F9 na kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12. Baada ya dakika chache mfumo mzima hutokea kwenye kioo ukiendeshwa kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski. Hapo ndipo pa kupima yale yanayosumbua: Wi-Fi inaona mitandao? Sauti inatoka? Kompyuta ikifunikwa kisha ikafunuliwa, inaamka? Printa ya nyumbani inatambulika? Baadhi ya kadi za Wi-Fi, hasa za Broadcom, hudai draiva ya ziada ambayo nayo hupatikana kwa intaneti, na mtu huonekana amekwama. Njia ya kujinasua ni kuunganisha simu kwa waya wa USB na kuiruhusu igawe data, jambo ambalo Linux hulipokea papo hapo. Jaribio la jioni moja la namna hii lina faida kuliko mabishano ya mwezi mzima juu ya mfumo upi una kasi.

Kinachowakwamisha wengi baada ya hapo ni nyaraka. Microsoft Office haina toleo la kuwekwa kwenye Linux, na mahali pake hushikwa na LibreOffice, programu huria iliyojitenga na OpenOffice mwaka 2010. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili, ikatolewa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, kwa hiyo familia hii ya programu si ngeni Afrika Mashariki hata kidogo. LibreOffice hufungua na kuhifadhi faili za Word, lakini tatizo huonekana steshenari. Mtu huandika wasifu wake nyumbani, ukurasa mmoja uliopangika, akaupeleka kwenye flashi ili uchapishwe, na Word ya dukani ikaufungua ukiwa kurasa mbili, mstari wa mwisho ukining'inia peke yake. Sababu yake mara nyingi si fonti: Linux haiji na Times New Roman wala Calibri, bali na mbadala wake, Liberation Serif na Carlito, ambazo upana wa herufi zake umelinganishwa na zile za Microsoft, na ambazo hutumika pasipo mwandishi kuarifiwa. Vipimo vya herufi hubaki sawa. Majedwali, picha na nafasi kati ya aya ndivyo vinavyoteleza. Dawa ni kuhifadhi nakala ya PDF kwa ajili ya kuchapisha na kubaki na ile ya kuhaririwa nyumbani, tabia ambayo hata watumiaji wa Windows wangefaidika nayo.

Yapo mahitaji ambayo Linux haiyatimizi, na ni uungwana kuyataja bila kuzungukazunguka. Photoshop na AutoCAD hazina toleo lake. Microsoft Publisher, ambayo steshenari nyingi huitumia kutengeneza kadi za michango ya harusi na vipeperushi, ni ya Windows peke yake, ingawa Microsoft imetangaza kuistaafisha Oktoba 2026 na watumiaji wake watalazimika kuhama hata wasipobadilisha mfumo. Nchini Kenya, ritani ya kodi ya KRA kwa miaka mingi imejazwa katika jedwali la Excel lenye makro, yaani maelekezo yaliyofichwa ndani ya faili yanayokagua na kufunga majibu. Toleo la ODS kwa ajili ya OpenOffice limekuwepo pia, lakini anayewajazia wengine ritani kama kazi ya kipato angefanya vyema kubaki na Windows. Kwa michezo, kazi ya kampuni ya Valve, iliyotoa Proton mwaka 2018 ili michezo ya Windows iendeshwe ndani ya Linux, imebadilisha hali kwa kiasi kikubwa, ila baadhi ya michezo ya mtandaoni yenye kinga dhidi ya udanganyifu bado hukataa. WhatsApp hutumika kupitia kivinjari, na kwa nyumba nyingi hiyo, pamoja na YouTube na barua pepe, ndiyo karibu matumizi yote.

Kwa upande wa virusi, tofauti inaonekana kwenye jambo dogo sana: flashi. Kile kirusi cha njia za mkato kinachojulikana karibu kila chuo, ambacho huzificha faili halisi na kuonyesha mahali pake vijalada vya uongo, hutegemea njia za Windows za kuendesha faili. Flashi hiyohiyo ikichomekwa kwenye Linux au macOS, faili halisi huonekana au hufichuliwa kwa urahisi, vile vya uongo hufutwa kama takataka nyingine, na mashine haiambukizwi. Haina maana kwamba mifumo hiyo haishambuliki. Washambuliaji huandika programu hasidi kwa ajili ya mfumo uliotapakaa zaidi majumbani, na nyavu za ulaghai wa nywila hazijali mfumo hata kidogo.

Linabaki suala la fundi, ambalo pengine lina uzito kuliko yote. Windows ikigoma, kila mtaa wenye duka la simu una mtu wa kuitazama. Linux ikigoma katika mji mdogo, mwenye nayo hulazimika kusoma mwenyewe, na kwa sehemu kubwa atasoma kwa Kiingereza. Mzazi anayeishi peke yake na ambaye kompyuta yake huhudumiwa na kijana wa jirani anayeijua Windows tu hapaswi kuwekewa Linux na mwanawe aliye mbali, hata kama mashine yake imepita umri, labda kama mwana huyo yuko tayari kuwa fundi kwa njia ya simu. Katika nyumba yenye mwanafunzi wa sekondari au chuo mwenye udadisi, hesabu hugeuka.

Kwa nyumba inayosita, ipo njia ambayo haiharibu kitu. Kompyuta mpakato nyingi za ofisi za miaka ya 2015 hadi 2018 hufunguliwa mgongoni kwa skrubu chache, na baadhi yake bado zina diski ya kuzunguka, ambayo ndiyo hasa huzifanya ziwe nzito. Diski hiyo huchomolewa ikiwa na Windows yake nzima, mahali pake huwekwa SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, na Linux huwekwa juu ya hiyo mpya. Mashine hupata kasi mpya, na Windows hubaki kando, tayari kurudishwa. Faili za zamani husomeka kwa kuiweka diski ile ndani ya kasha la USB. Kabla ya skrubu ya kwanza kulegezwa, hata hivyo, ni lazima kuangalia katika mipangilio ya Windows kama diski imesimbwa kwa BitLocker, kwa sababu mashine iliyosanidiwa kwa akaunti ya Microsoft huweza kuwa imeisimba yenyewe kimyakimya. Ikiwa ndivyo, ufunguo wa kuifungulia wenye tarakimu 48, unaopatikana ndani ya akaunti hiyo, huandikwa karatasini kwanza, kwani bila huo diski haitasomeka kwenye Linux wala kwenye Windows ya mashine nyingine.